Kabla ya Macho, Maandishi: Mhadhara Juu ya Kutafuta Alama za Kale za Upimaji

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kuja. Wengi huniuliza ni kifaa gani kinifaacho zaidi porini. Nawajibu: karatasi ya maelezo ya mpima ardhi aliyenitangulia.

Alama ninazozitafuta ni zile zilizopachikwa miambani na kwenye nguzo za zege, ili ardhi ipimwe kwa kuzirejea. Nchini Marekani nyingi ni visahani vya shaba vyenye upana wa sentimita 9 hivi, vimechorwa jina la kituo cha upimaji na mwaka. Vingi vya zamani vina onyo pia: faini ya dola 250 au kifungo kwa atakayeviharibu.

Kila alama ina maelezo yake. Mpima aliandika ashike njia ipi mtu atakayemfuata, avuke kijito gani, ahesabu umbali gani kutoka kwenye mti fulani. Sasa mti umeanguka, njia imehamishwa, na nyumba aliyoitaja imebaki msingi tu. Hapo ndipo utamu ulipo. Inakubidi usimame mahali hapo ukiuona mwaka wake, si mwaka wako. Mwamba haujahama. Ukingo wa bonde haujahama. Anzia hapo.

GPS nayo ninayo, lakini sikilizeni vizuri. Alama za mwinuko zilipimwa kwa uangalifu mkubwa kuhusu kimo chake kutoka usawa wa bahari, ila mahali pake, kwa nyingi kati yake, palikadiriwa kwenye ramani tu. Kosa linaweza kufika mita 180. Atakayeifuata namba ya kwenye skrini peke yake atazunguka vichakani mpaka jua lizame. Vituo vya upimaji wa pembetatu, yaani vile ambavyo mahali pake palipatikana kwa kupima pembe kutoka kituo hadi kituo, ni kinyume chake: mahali pake panajulikana barabara, na kwa kawaida vimezungukwa na alama saidizi mbili au tatu, kila moja ina mshale unaoelekea kituoni. Ukifukua majani ukakuta mshale, moyo unaruka! Unavuta futi kamba kuelekea unakoonyesha, unakumbuka umbali ulioandikwa, na unapiga magoti.

Tusidhani kwamba kazi hii ni ya kupitisha muda tu. Mwaka 1752 Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alipima mstari wa kaskazini–kusini katika Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Hesabu zake zikaashiria kwamba nusu ya kusini ya dunia ina umbo tofauti na nusu ya kaskazini, na wataalamu wakakaa na kitendawili hicho kwa miongo mingi. Mwaka 1820 George Everest, yule ambaye mlima ulikuja kupewa jina lake, alipelekwa Rasi kupumzika baada ya kuugua India. Badala ya kulala, akaenda kuvitafuta vituo vya Lacaille. Aliposimama pale aliona kitu ambacho hesabu peke yake hazikukionyesha: karibu na ncha zote mbili za mstari kuna milima. Milima, kwa uzito wake, huvuta vitu kuielekea. Uzi wa timazi wa Lacaille haukuning'inia wima kamili, na vipimo vyake vya nyota, vilivyotegemea uzi huo, vikapotoka. Baadaye Thomas Maclear, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Rasi, aliupima upya mstari huo katika miaka ya 1840, na ikadhihirika kwamba Everest aliona sawasawa. Kwa maoni yangu huyo ndiye mtafuta alama tunayepaswa kumwiga sote: alikwenda mwenyewe, akatazama pande zote.

Taratibu ni chache. Omba ruhusa kwa mwenye ardhi. Using'oe kitu, usipake rangi. Piga picha, andika hali uliyoikuta, kisha upeleke taarifa. Idara ya upimaji ya Marekani hupokea taarifa za raia wa kawaida. Hata "sikuiona" ni taarifa, mradi umetafuta kweli.

Na kuna siku utakuta shimo tupu kwenye mwamba, au zege limevunjwa na kisahani kimechukuliwa. Usikate tamaa haraka. Katika vituo vingi wapima waliweka alama mbili, moja juu na nyingine chini yake, ndani ya udongo, wakijua kwamba ya juu huenda isidumu. Mimi siichimbi. Naandika kwamba ya juu haipo, napima umbali kutoka kwenye alama saidizi zilizobaki, narudishia majani yangu, naondoka.