Presha ya Kupanda: Jina Linalotudanganya

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze kwa kugombana na jina. Tunasema "presha ya kupanda", na mtu akiudhiwa anashika kifua: "Mmenipandisha presha!" Basi tumeamini kwamba maradhi haya huja na hasira, huondoka nayo, na yakija utayasikia tu. Sivyo. Presha ya kila aliye hai hupanda na kushuka kutwa nzima. Ukikwea ngazi inapanda, ukilala inashuka. Ugonjwa ni pale inapobaki juu siku nenda siku rudi, hata umekaa umetulia. Na ikiwa huko juu, mara nyingi haikuumi popote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 46 yao hawajui kama wanalo. Watajuaje, na hawaumwi?

Tuje kwenye zile namba mbili. Mtu anatoka kupimwa na karatasi yake imeandikwa 150/95, ananiambia: "Daktari, kumbe ninazo zote, ya juu ya kupanda na ya chini ya kushuka." Hapana, mzee wangu. Ni presha moja iliyopimwa katika nyakati mbili. Moyo ukijikaza kusukuma damu, kuta za mishipa hupata msukumo mkubwa, hiyo ndiyo namba ya kwanza. Moyo ukilegea ili ujae tena, msukumo hupungua lakini hauishi, na hiyo ndiyo ya pili.

Kuzipata hakukuwa rahisi. Katika karne ya 18 Mwingereza mmoja, Stephen Hales, alichomeka bomba kwenye mshipa wa farasi, na damu ikapanda zaidi ya mita mbili. Maskini farasi. Mkanda wa mkononi tunaoujua uliletwa na Mwitalia Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, ila yeye aliipata namba ya juu tu, kwa kupapasa mshipa. Mwaka 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, akaweka masikio badala ya vidole: sauti ya damu inapoanza kusikika mkanda ukilegezwa ni namba ya juu, inapozimika ni ya chini.

Kwa nini ipande? Kwa wagonjwa walio wengi, zaidi ya tisa katika kila kumi, hatutakutajia mkosaji mmoja. Ni mchanganyiko: ulichorithi, umri, chumvi, uzito, pombe, kukaa sana bila kuutumia mwili. Chumvi ninaitaja kila mara, kwa sababu figo zikishindwa kuitoa, mwili hushikilia maji, na damu inakuwa nyingi kwenye mishipa ileile. Kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani.

Wachache waliobaki wana chanzo kinachoweza kutajwa: ugonjwa wa figo, mshipa wa figo uliobana, tezi zilizo juu ya figo zinazomwaga homoni kupita kiasi, au pumzi inayokatika usingizini kwa mtu anayekoroma sana. Kijana mwenye presha kubwa, au mtu anayemeza dawa tatu bila nafuu, achunguzwe kwa jicho hilo. Na kabla ya yote aulizwe anameza nini kingine. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, steroidi, baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, hata dawa za kuzibua pua, zote zinaweza kupandisha presha.

Madaraja sasa. Wengi hutumia mpaka wa 140/90. Kuanzia hapo hadi 159/99 ni daraja la kwanza. 160/100 hadi 179/109 la pili. 180/110 na kuendelea la tatu. Namba zako zikiangukia madaraja mawili, unahesabiwa kwenye lile la juu. Mzee mwenye 165/75 asijifariji na hiyo 75. Mishipa yake imekakamaa, na ni mgonjwa kamili.

Lakini mpaka huo umechorwa na watu. Mwaka 2017 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani viliushusha hadi 130/80, na mamilioni wakalala wazima wakaamka wagonjwa. Mishipa yao haikubadilika usiku ule. Kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kuanzia 115/75, kila namba ya juu ikiongezeka 20 au ya chini 10, hatari ya kufa kwa kiharusi au ugonjwa wa moyo huwa karibu maradufu. Ni mteremko, hauna ngazi. Kwa hiyo mwenye 138 asimcheke mwenye 142.

Tena kipimo kimoja hakimpi mtu ugonjwa, isipokuwa kikiwa cha kutisha mno. Wapo ambao presha hupanda wakimwona tu daktari, nyumbani iko sawa. Wapo wa kinyume chake pia, na hao ndio wananinyima usingizi.

Mashine iko pale mezani. Nenda haja ndogo kwanza, kisha kaa dakika tano umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Na mkanda ukianza kujaa, tafadhali usinipigie soga.