Manjano Hufuata Maji: Kupiga Picha Aspeni za Sierra Nevada

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni.

Picha hii iliyoko ukutani nimeiweka ya kwanza makusudi. Ilipigwa na Ansel Adams mwaka 1958, kaskazini mwa jimbo la New Mexico, Marekani. Mnaona vigogo vyembamba vimesimama mbele ya kiza, na majani yanayong'aa. Siku ile majani hayo yalikuwa ya manjano. Adams alitumia filamu ya nyeusi na nyeupe, akaweka filta ya manjano mbele ya lenzi, majani yakatoka meupe. Ukiwauliza wapiga picha wakutajie picha moja maarufu ya aspeni, mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe, katika majira ya mapukutiko, wengi watakutajia hii, isiyo na chembe ya rangi. Nimeileta ili tusianze na swali la "njano ilikuwa kali kiasi gani?" Tuanze na swali la mti umesimama wapi.

Nitakaozungumzia mimi wamesimama upande wa mashariki wa safu ya milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, kando ya barabara kuu namba 395. Upepo wenye unyevu hutoka bahari ya Pasifiki, hupanda mlima na kumwaga mvua na theluji yake huko magharibi na kileleni. Ukivuka kushuka mashariki umebaki mkavu. Ndiyo maana mlima unapoishia, jangwa linaanza papo hapo, na ni jangwa la juu, lenye baridi: mji wa Bishop uko mita 1,265 kutoka usawa wa bahari na hupata mvua kama milimita 130 tu kwa mwaka. Hapo kuna vichaka vya seji vya rangi ya jivu, mchanga na mawe. Sasa toka Bishop, shika barabara ya 168 kuelekea magharibi. Baada ya kilomita 30 hivi uko ziwa Sabrina, karibu mita 2,780, umezungukwa na aspeni, na juu yako kuna vilele vinavyozidi mita 4,000.

Aspeni ni mti unaopenda maji. Anaishije hapo? Anaishi kwa theluji ya mwaka uliopita, inayoyeyuka na kuteremka kwenye vijito na chini ya udongo. Tazameni picha hii ya pili. Mlima mzima ni mkavu, kisha mstari wa manjano unateremka katikati yake, unapinda, unapanuka pale kwenye bonde dogo, unapotea. Mnachokiona ni kijito, ingawa hakuna tone la maji linaloonekana. Mwenzangu mmoja alipoiona alisema ningesogea karibu ningepata majani mazuri zaidi. Ni kweli, ningepata majani. Lakini mpiga picha anayelifuta jangwa kwenye fremu amefuta sababu ya ile njano kuwepo. Mimi husimama mbali, nikatumia lenzi ndefu, milimita 200 au zaidi, na nikaacha seji ile ya kijivu ichukue nusu ya picha bila haya. Kijivu ndicho kinachoipa manjano nguvu, wala haihitaji kuongezewa chochote kwenye kompyuta. Wale wenye mazoea ya kusukuma kitufe cha rangi hadi mwisho, naomba leo tusameheane.

Kuhusu mti wenyewe. Kichaka kizima cha aspeni mara nyingi ni mmea mmoja, mashina yote yakichipuka kutoka kwenye mizizi ileile, kama machipukizi ya mgomba. Kule Utah kuna mmoja uliopewa jina Pando, umeenea hekta 43 hivi na una mashina yanayokadiriwa kufika 47,000. Kwa mpiga picha jambo hili lina faida kubwa, maana mashina ya mmea mmoja hubadilika rangi kwa pamoja, na jirani yake ana ratiba yake. Nendeni Conway Summit, sehemu ya juu kabisa ya barabara ya 395, karibu mita 2,480. Mteremko wa pale umejaa aspeni, na siku moja hiyohiyo utaona kundi la rangi ya machungwa limepakana na kundi ambalo bado ni kijani kibichi, mpaka wao umenyooka. Anayelalamika kwamba amefika mapema kabla mlima haujaiva wote haoni kwamba hiyo mipaka ndiyo picha. Ukifika wakati wote ni manjano, mipaka haipo tena.

Manjano ile haitengenezwi wakati wa baridi. Imo ndani ya jani msimu wote, ni rangi iitwayo karotenoidi, ila klorofili, ile rangi ya kijani, huifunika. Usiku unaporefuka mti huacha kutengeneza klorofili, iliyopo inavunjika, na njano inajitokeza. Nyekundu ni habari nyingine: hiyo ni rangi iitwayo anthosianini, hutengenezwa wakati uleule wa mwisho, na husaidiwa na siku za jua kali zikifuatwa na usiku wa baridi isiyogandisha. Baadhi ya mimea ina uwezo huo zaidi ya mingine, kwa hiyo ukipata kundi jekundu likumbuke mahali lilipo.

Rangi inashuka mlima. Mwisho wa Septemba iko juu, karibu na maziwa ya Sabrina na North Lake. Katikati ya Oktoba imeteremka mabondeni. Mwisho wa Oktoba imefika Bishop, kwenye miti ya mipopla kando ya mifereji. Kwa hiyo aliyechelewa hajakosa kitu, ashuke tu. Lakini upepo mmoja mkali unaweza kuvua majani ya bonde zima kwa usiku mmoja, na hapo hakuna ratiba itakayokusaidia.

Sasa mwanga, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi tuliozoea jua la ikweta tunaingia kule na mazoea yasiyofaa. Tumezoea kwamba saa sita mchana jua liko utosini na kamera inarudi kwenye begi. Kule, katikati ya Oktoba, jua la mchana halifiki hata katikati ya safari ya kwenda utosini vizuri. Liko kusini, nyuzi 45 hivi juu ya upeo wa macho. Linapita kwenye majani kwa ubavu. Unaweza kupiga picha saa saba mchana na ukapata kitu.

La pili, ukuta wa mlima uko magharibi. Jua huchomoza kutoka upande wa milima ya White Mountains, ng'ambo ya bonde, na hugonga vilele kwanza. Kwa muda fulani vilele ni vya waridi na miti iko kivulini. Tofauti ya mwanga ni kubwa mno. Galen Rowell, mpanda milima na mpiga picha aliyehamia Bishop na kufariki 2002 kwa ajali ya ndege karibu na mji huohuo, alijulikana kwa kutumia filta zenye giza upande wa juu na wazi upande wa chini ili kusawazisha hali kama hii. Kamera za leo zinabeba tofauti kubwa zaidi, au utapiga picha mbili na kuziunganisha. Faida ya alfajiri ni utulivu. Kikonyo cha jani la aspeni ni bapa, kimesimama kiubavu, kwa hiyo jani hutetemeka kwa pumzi ndogo tu ya upepo. Asubuhi mapema mara nyingi hewa imetulia, na North Lake inakuwa kioo. Upepo ukianza, chagueni moja: kasi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kuingiza mwanga, ya 1/500 ya sekunde majani yagande, au nusu sekunde juu ya tripodi, vigogo vitulie na majani yawe moshi. Kasi ya katikati haina faida kwa yeyote.

Saa ninayoipenda ni ya alasiri, na wageni wengi wanaikosa kwa kuwa wako hotelini. Jua likielekea magharibi, uso wa mlima unaokutazama unaingia kivulini na kuwa wa bluu nzito. Lakini miale bado inapita juu ya ukingo na kuangukia miti iliyo chini, kutokea nyuma yake. Jani la aspeni linapitisha mwanga. Mbele ya ule mlima wenye giza, mti unawaka. Muda huo ni mfupi. Kwenye mabonde membamba jua hutoweka mapema kabla ya machweo yaliyoandikwa kwenye simu yako, kwa hiyo fika saa nane ukakae.

Hapo angalieni histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, ya kila rangi, msiamini ile nyeupe ya jumla peke yake. Manjano ni nyekundu na kijani kwa pamoja, na chaneli nyekundu hujaa kabla kamera haijakuonya. Majani yanapoteza mishipa yake na kuwa doa. Punguzeni mwanga kidogo, pigeni faili ghafi (RAW). Kivulini, vigogo vyeupe vitachukua ubluu wa anga, na kamera itajaribu kuuondoa. Mimi humwachia ubluu kidogo. Filta ya polaraiza nayo huondoa mng'aro juu ya majani, ila ukiizungusha hadi mwisho anga inakuwa nyeusi kama imetiwa wino.

Ukitembea ndani ya vichaka utaona maandishi kwenye magome: majina, tarehe, wakati mwingine michoro ya wanawake. Mengi ni ya wachungaji wa kondoo wa Kibaski waliotoka milima ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Uhispania. Yanafaa kupigwa picha sasa, kwa sababu aspeni hawaishi sana na maandishi yanaanguka nao. Kuongeza jina lako ni uharibifu. Gome likichanwa maradhi huingia.

Nirudi kwenye maji. Wapaiute, wenyeji wa asili wa bonde la Owens ambamo Bishop imo, walikuwa na mifereji yao ya kumwagilia kabla walowezi hawajafika. Mwaka 1913 jiji la Los Angeles lilifungua mfereji wake wa kuchukua maji ya bonde hilo, na kuanzia 1941 likachukua pia vijito vinavyolisha ziwa Mono, kusini tu ya Conway Summit. Kwenye vijito vya Rush na Lee Vining miti ya kingo ilikauka sehemu kubwa. Baada ya mivutano mahakamani, mwaka 1994 mamlaka ya maji ya California iliamuru ziwa liachiwe maji zaidi na vijito virejeshwe. Picha hii ya mwisho ni ya bonde la chini la Lee Vining. Miti mnayoiona ni midogo, imejikunja kunja, haijazi fremu, na njano yake imekatikakatika. Mashindano ya picha haiwezi kushinda, lakini ndiyo niliyoichapisha kubwa kuliko zote nyumbani kwangu.

Tuna dakika chache za maswali. Dada yule wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja polaraiza, karibu.