Chumba Kipya cha Bristol

Ndugu Mwenyekiti, wachungaji, mabibi na mabwana,

Sisi Wamethodisti wa pwani ya Kenya huanza kuhesabu historia yetu Ribe, mwaka 1862, kwa kazi ya mmisionari Thomas Wakefield. Leo nimeombwa nirudi nyuma zaidi, hadi mji wa bandari wa Bristol, Uingereza, ambako mwezi Mei 1739 John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliweka jiwe la msingi la jengo la kwanza la Wamethodisti duniani.

Hakuliita kanisa. Aliliita Chumba Kipya, wala hakusema hivyo kwa unyenyekevu mtupu, kwa kuwa alidumu kuwa kasisi wa Kianglikana hadi kufa kwake, na alitaka mikutano ya pale isigongane na saa za ibada za parokia. Humo humo maskini walisomeshwa na kugawiwa dawa.

Mwaka 1748 jengo lilipanuliwa, na umbo hilo ndilo lililopo hata sasa. Ukiingia, kinachokushangaza kwanza ni mwanga: hauingii kwa madirisha ya chini, ambayo yangepigwa mawe na wahuni walioiandama mikutano hiyo, bali unashuka kutoka juu, kupitia kuba la vioo la pembe nane katikati ya dari. Mimbari ina ngazi mbili, ya chini ya kusomea Maandiko na ya juu ya kuhubiria. Juu ya ukumbi kuna vyumba walimolala wahubiri wasafiri, na aliyekuwa huko aliweza kuchungulia dirishani akaona yanayotendeka chini. Nadhani mhubiri mchanga hakuipenda sana habari hiyo.

Jengo liliuzwa mwaka 1808 kwa Wamethodisti wa Kikalvini wa Wales, yaani wanaofuata mafundisho ya John Calvin, likanunuliwa tena mwaka 1929.

Lakini nisipite mabenchi, ambayo yasemekana yalichongwa kwa mbao za meli kuukuu, katika mji uliotajirika kwa biashara ya watumwa. Tarehe 6 Machi 1788 Wesley, akiwa na miaka 84, alitangulia kutangaza kwamba atahubiri juu ya utumwa, na nyumba ikajaa matajiri kwa maskini. Katikati ya mahubiri, aandika katika shajara yake, ulizuka kishindo ambacho hakuna aliyejua chanzo chake. Watu wakakanyagana kwa hofu, mabenchi yakavunjika vipande vipande. Baada ya dakika kama sita kukatulia, naye akaendelea kuhubiri.