Mzani wa Bwana

Assalaamu alaykum. Akina mama wa Micheweni nawaona mmekaa mbele. Mabwana wa madukani hapa Chake mko mlangoni, kama mnaotaka kuwahi kutoka. Haya, nitasema upesi kwa nini tunahitaji jumuiya ya wafanyabiashara.

Mwezi uliopita nilikuwa pwani, mama mmoja kaleta gunia lake la mwani. Mnunuzi akatia mkono ndani, akavunja kitawi kimoja, akasema: "Bado una maji huu, nakata kilo tatu." Mama akanyamaza. Aseme nini? Mzani wa bwana, fedha za bwana, na gari ni ya bwana. Nyuma yake foleni ya wenziwe, na kila aliyefika mbele alikatwa peke yake.

Jumuiya ya wafanyabiashara ni dawa ya ule upeke. Inayotajwa kuwa ya mwanzo duniani ni ya Marseille, Ufaransa, mwaka 1599, lakini mfano tunao hapa hapa Zanzibar. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilikipa chama cha wakulima wa karafuu, ilichokiunda yenyewe, mamlaka juu ya karafuu inayokwenda nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India, mnunuzi wetu mkubwa, ikasusia. Mwaka 1938 serikali ikakaa nao mezani. Siwasifu kwa yote, maana wakulima wengi walikuwa wamezama kwenye madeni waliyodaiwa na wafanyabiashara hao hao. Nasifu kwamba walikwenda pamoja.

Jumuiya msiichanganye na Baraza la Biashara Zanzibar. Lile mwenyekiti wake ni Rais wa Zanzibar, na serikali na sekta binafsi hukutana humo. Jumuiya ni yenu: mnachagua viongozi, mnalipa ada. Kwingi duniani ndiyo inayotoa hata cheti cha asili ya bidhaa, ile karatasi ya kuonesha mzigo umetoka wapi.

Na ada ndiyo penye ugomvi, najua. Jumuiya ikilishwa na matajiri watatu, itasema ya hao watatu. Ukitoa kidogo chako, una haki ya kusimama mkutanoni na kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Turudi kwa yule mama. Akienda peke yake kwa mkaguzi wa vipimo, ataambiwa aje kesho. Barua yenye muhuri wa jumuiya na saini za foleni nzima husajiliwa na kupewa namba, na mtu hulazimika kuijibu. Rasimu ninayo hapa. Kalamu ianzie mbele, kisha iende mlangoni.