Pomboo Hapimwi kwa Macho

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wote. Madhara ya plastiki mmeyasikia mpaka mmechoka, siyarudii. Nimekuja na jambo langu lile lile, na walionisikia mwaka jana wanivumilie: kukuta mfuko tumboni mwa pomboo si kumpima pomboo.

Pomboo akinasa kwenye wavu wa jarife, au akiokotwa pwani amekufa, swali la kwanza ni "tumboni mna nini?" Anapasuliwa, anapigwa picha. Plastiki ikionekana watu wanasikitika. Isipoonekana tunaambiwa huyu alikuwa hana tatizo. Nani kasema? Ninachokitafuta mimi hakionekani. Ni thaleti, kemikali inayotiwa kwenye plastiki iitwayo PVC ili ilainike, kama ule mpira wa kumwagilia bustani au mfuko wa dripu. Haikugandana na plastiki yenyewe, kwa hiyo inatoka kidogo kidogo, inaingia majini na kwenye chakula. Mnyama akiipata, mwili unaivunja haraka na kuitoa kwa mkojo. Tumbo linaweza kuwa jeupe kabisa, mkojo ukasema mengine.

Ghuba ya Sarasota, Florida, ambako pomboo wanafuatiliwa tangu 1970, watafiti walichukua mkojo wa pomboo 17 walio hai mwaka 2016 na 2017, kisha wakawaachia waende zao. Asilimia 71 walikuwa na mabaki ya thaleti. Kule Italia, Maria Cristina Fossi wa Chuo Kikuu cha Siena na wenzake walieleza mwaka 2012 kwamba walipima shahamu ya nyangumi watano waliokwama pwani. Wanne walikuwa na MEHP, yaani kile kinachobaki mwili ukishaivunja thaleti iitwayo DEHP. Na hawa ni nyangumi wanaochuja maji ili wapate viumbe vidogo vya kula, si wa kumeza mifuko!

Sasa nikupeni kisa changu. Nilipigiwa simu alfajiri: kuna pomboo kanasa, njoo. Mpaka nafika dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, jua limeshapanda, na mnyama wameshamzika kwa sababu ya harufu. Lakini mzee mmoja alikuwa ananisubiri chini ya mkungu. Akanyanyuka, akanikabidhi kifurushi kwa mikono miwili: "Mwanangu, nimekuhifadhia." Kipande cha shahamu, kimekatwa vizuri, ngozi yake juu, kimeoshwa kwa maji ya bahari, na kimefungwa ndani ya rambo. Rambo mbili, moja juu ya nyingine, zimekaa juani saa tatu. Mafuta yameshaanza kuyeyuka, yamejipaka kwenye plastiki pande zote.

Nilimshukuru, na shukrani yangu ilikuwa ya kweli, maana mzee yule aliacha shughuli zake kwa ajili yangu. Lakini kipande kile kwa kazi yangu kilikuwa kimekufa mara ya pili. Mafuta yanafyonza kemikali za plastiki kuliko maji yanavyoweza. Ningeipeleka shahamu ile maabara, ningepima pomboo au ningepima mfuko?

Hapo najua kuna mwanafunzi ananyanyua kidole: "Si mnapima mabaki yaliyovunjwa na mwili, na mfuko hauna mwili?" Swali zuri. Lakini vimeng'enya havifi siku anapokufa mnyama. Ndani ya damu na maziwa vinaendelea kuivunja hata thaleti iliyotoka nje, ndiyo maana maabara makini hutia asidi kwenye sampuli za namna hiyo ili kuvizuia. Na hubeba pia chupa tupu mpaka huko huko kazini, ikafunguliwa na kufungwa kama zile nyingine, kisha ikapimwa. Ile tupu ikitoa thaleti, tunajua uchafu ni wetu.

Mwingine ataniambia hatuna mashine. Jamani! Sampuli nzuri inasubiri mashine ndani ya friza. Iliyoharibika haisubiri chochote. Na msiniambie kwamba kwetu haiwezekani: Haji Mwevura na wenzake walichapisha mwaka 2010 vipimo vya shahamu ya pomboo wa hapa hapa Zanzibar. Walikuta mabaki ya viuatilifu, lakini kwa kiwango cha chini kuliko sehemu nyingine za dunia, na PCB, kemikali za viwandani, kwa uchache mno. Kilichozidi ni kemikali zinazoelekea kutengenezwa na viumbe wa baharini wenyewe. Habari njema hiyo, na tumeipata kwa sababu kuna waliopima. Ila kazi ile haikuhusu thaleti.

Nilitaka nizungumzie pia nyangumi nundu wanaotupitia kuanzia Julai, na ule mshale mdogo unaochota ngozi na shahamu kidogo kwa mnyama aliye hai. Naona mwenyekiti ananionesha saa, basi hilo naliacha.

Pale mlangoni kuna chupa za kioo, zimeoshwa na kuchomwa kwenye tanuri, mdomo umefunikwa kwa foili chini ya kifuniko. Kila diko lichukue mbili. Pomboo akinasa, kata kwa kisu cha chuma kilicho safi, bila glavu za plastiki, kipande cha ukubwa wa kiberiti kinatosha. Tia ndani, rudisha foili, weka kivulini kwenye barafu, halafu nipigie. Hata kama ni saa tisa usiku, nipigie.