Laikeni kuwa hai haimaanishi hewa ni safi

Waliopanda Kilimanjaro wameziona, zile ndevu za kijani-kijivu zinaning'inia kwenye matawi, na yale mabaka kwenye mawe, hizo ndio laikeni, kuvu na mwani wanaishi mwili mmoja. Hazina mizizi jamani, wala ile nta inayofunika majani, maji na chakula vinatoka kwenye mvua, ukungu na vumbi, kwahiyo hewa ikibeba metali kama risasi, kadimiamu au nikeli vyote vinaingia, ni kama shuka jeupe umelianika kando ya barabara ya vumbi.

Chembe za metali zinanasa kati ya nyuzi za kuvu, ile iliyoyeyuka inashika kwenye kuta za seli. Kule Sudbury, Kanada, kwenye migodi ya nikeli, watafiti Nieboer na Richardson waliichunguza laikeni ya mawe iitwayo Umbilicaria miaka ya 1970 wakaonyesha kwamba kunyonya nikeli ni fizikia na kemia tu, ukuta wa seli unaishika wenyewe, haingoji uhai.

Inayoumiza ni ile inayopenya ndani: seli inavuja potasiamu, klorofili inaharibika. Lakini laikeni inajitetea, na hapa ndio utamu ulipo! Kuvu inatoa asidi ya oksaliki inafunga metali kuwa fuwele, kuna laikeni za mawe ya shaba zimejaa fuwele za oksaleti ya shaba na zinaishi vizuri tu.

Sasa watu wanasema ukiona laikeni ujue hewa safi. Hilo lina ukweli kwa gesi ya salfa, hiyo inaziua kweli, na Sudbury zilianza kurudi gesi ilipopungua pale chini baada ya dohani ndefu ya mita 381 kujengwa mwaka 1972 ikapeleka moshi mbali, lakini nikeli na shaba bado zimo kwenye udongo. Kwa metali huwezi kuangalia kwa macho ukaridhika, lazima upeleke maabara upime.

Na si gharama kubwa, unachukua laikeni msitu ulio mbali na viwanda, unazitundika kwenye mifuko ya neti karibu na kiwanda, baada ya miezi kadhaa unazilinganisha na zilizobaki msituni. Pale Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi miaka na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, na vipimo vilivyowashtua vilikuwa vya damu za watoto wao. Mimi naona ile mifuko ingetangulia.