Chungwa Mtoni: Mhadhara Kuhusu Kufua Umeme kwa Mkondo wa Maji

Habari za jioni. Naona wengine wamesimama kule nyuma, na huku mbele viti vipo. Karibuni.

Nimekuja na chungwa, na si la kula. Nikiitwa kutazama mto ambao wenyeji wanataka uwape umeme, hiki ndicho kipimo changu cha kwanza. Tunapima mita 20 ukingoni, mwenzangu anasimama juu, mimi nasimama chini, anatupa chungwa katikati ya mto na mimi nashika saa. Chungwa linafaa kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo hausumbui sana hesabu. Likifika kwangu baada ya sekunde 20, maji ya juu yanakwenda mita 1 kwa sekunde. Yale ya chini yanakawia kidogo kwa kusuguana na mawe na mchanga, basi nazidisha kwa 0.85 nipate wastani.

Mnaweza kuuliza, mtaalamu mzima anakuja na chungwa? Vipimo vya kisasa vipo na baadaye tutavihitaji. Lakini jambo ninalotaka mlishike leo ni hili la kasi, kwa sababu mashine tutakayozungumzia haitumii maporomoko wala ukuta wa bwawa. Inawekwa ndani ya mkondo kama ulivyo, mapanga yake yanazungushwa na maji yanayopita. Fikirieni rafadha ya meli, ila hapa maji ndiyo yanayoisukuma.

Chukua fremu ya dirisha yenye mita 1 kwa mita 1, izamishe mtoni ikiukabili mkondo. Maji yakipita kwa mita 1 kwa sekunde, nguvu inayopita dirishani ni wati 500. Kasi ikiwa mita 2, ni wati ngapi? ... Nimesikia 1,000. Mwingine? ... Ni 4,000. Kasi ikiongezeka mara mbili, maji yanayopita ni mara mbili, na kila kilo ya maji hayo imebeba nguvu mara nne. Mbili mara nne, nane. Hesabu hiyohiyo inarudi kinyume bila huruma: kasi ikishuka hadi nusu mita, dirisha letu lina wati 62 tu.

Wala hizo wati hatuzichukui zote. Mwaka 1920 Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba hata mashine isiyo na dosari haiwezi kuvuna zaidi ya asilimia 59, maana ukiyanyang'anya maji nguvu yote yatasimama, na yaliyo nyuma yatakosa pa kupita. Ukitoa pia hasara ya beringi, giaboksi na jenereta, wati zetu 500 zinabaki kama 150 au 200.

Sasa nawapeleka Juba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa shirika moja la Uingereza la teknolojia ya kadiri, yaani zana rahisi ambazo wenyeji wanaweza kuzimudu, Intermediate Technology Development Group, walikuwa pale kwenye Nile Nyeupe wakijaribu chelezo chenye rafadha chini yake. Walikifunga kwa kamba ya chuma kwenye nguzo ukingoni, kikawa kinaning'inia mtoni kama ngalawa iliyotia nanga, na mashua nyingine zikapita upande wa pili bila taabu. Mto ukijaa, chelezo kinapanda nao, na ukipungua kinashuka. Hakikuwasha hata taa moja. Kilizungusha pampu, pampu ikapandisha maji kwenye bustani za mboga, mchana na usiku, bila dizeli. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wengi tunavyodhani. Umeme unataka kasi isiyoyumba, nyaya na fundi wa karibu, ilhali pampu ikizunguka polepole leo, mchicha haulalamiki.

Mmoja wa waliokuwa kwenye kazi hiyo, Peter Fraenkel, hakuliacha wazo. Mwaka 2003 kampuni aliyoiasisi, Marine Current Turbines, ilisimamisha mtambo wa kilowati 300 baharini karibu na Lynmouth, Uingereza. Mwaka 2008 ikaweka mwingine Strangford Lough, Ireland ya Kaskazini: rafadha mbili, kila moja upana wa mita 16, na uwezo wa megawati 1.2. Mahali penyewe ni mlango mwembamba ambamo ghuba nzima hujaa na kupwa, na mkondo wake hupita mita 3 kwa sekunde. Mapanga yaliweza kugeuzwa ili yavune maji yakiingia na yakitoka. Na kilichonifurahisha zaidi, mkono uliobeba rafadha ulipandishwa juu ya maji kwa matengenezo. Anayejua bahari ataelewa. Manahodha wetu hawakupaka majahazi deheni kwa urembo. Chuma kikilala baharini, mwani, chaza na kutu huanza kazi bila kungoja mwaliko. Mtambo ule ulikuwa wa majaribio, na kufikia mwaka 2019 ulikwisha kuondolewa.

Msidhani maji ni mpole. Maji ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde una nguvu sawa na upepo wa mita 9 hivi kwa sekunde, na mkondo wa mita 3 una nguvu ya upepo wa dhoruba kali. New York, kwenye East River, mapanga ya mashine za mwanzo, zilizowekwa kuanzia mwaka 2006, yalivunjika, ikabidi yasanifiwe upya. Kanada, kwenye Ghuba ya Fundy ambako maji hupanda hadi mita 16, mtambo uliozamishwa Novemba 2009 ulipoteza mapanga yake katika muda wa wiki chache tu. Kwa hiyo kasi tunayoitafuta ndiyo hiyohiyo inayotuvunjia vyombo.

Upande wa faida, bahari ina kalenda. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, yakifuata katikati, na kila siku saa za kujaa husogea kama dakika 50. Hesabu hiyo inaweza kuandikwa miaka mingi mbele, jambo ambalo mwenye mtambo wa upepo hawezi. Lakini mara nne kwa siku mkondo husimama kabla ya kugeuka, na siku za maji mafu, kasi ikiwa nusu ya ile ya bamvua, umeme ni sehemu moja ya nane. Betri au chanzo kingine lazima kiwepo.

Nimeona mikono. Kaka pale ameuliza kuhusu samaki. Huko Igiugig, Alaska, kijiji cha watu kama 70 kilichotegemea dizeli ghali, mwaka 2019 waliweka mtambo katika mto Kvichak, ambamo samoni hupanda kwa mamilioni. Kamera ziliwekwa chini ya maji kuwatazama. Strangford nako mtambo ulisimamishwa sili, wale wanyama wa baharini, wakikaribia. Mapanga haya huzunguka polepole kuliko rafadha ya boti yako ya uvuvi, lakini kila mto una samaki wake, na waulizwe wavuvi kabla ya wahandisi.

Na bibi huyu anasema: kwetu Mombasa maji hupanda zaidi ya mita 3 siku za bamvua, mbona hatuvuni? Bibi, kupanda si kwenda. Maji yanaweza kupanda sana ufukweni huku yakitambaa tu. Unahitaji mahali pembamba, ambapo maji mengi yanalazimishwa kupita kwa haraka. Manahodha wanapajua, ni pale wanapongoja maji yageuke ndipo wapite. Nenda pale na chungwa siku ya bamvua, kati ya kujaa na kupwa, kisha urudi siku ya maji mafu. Mtoni nenda masika, na urudi kiangazi. Mita 20 zikichukua sekunde 10, niite, nitakuja kwa nauli yangu. Zikichukua sekunde 40, nakushauri ununue paneli za jua.